Chipsi zege za Ijumaa na mzani wa Jumamosi

*Shikamoo dada. Mimi nina miaka 31, naishi Tabata, kazi yangu iko Posta. Mwezi wa kwanza nilikuwa na kilo 86 nikaanza dayati, nimekata wali, ugali, mkate, sukari, kila kitu, asubuhi maji ya moto, mchana matango na yai moja, usiku supu. Jumatatu mpaka Alhamisi niko vizuri kabisa. Shida ni Ijumaa. Nikishuka kwenye daladala pale kituoni kuna kaka anakaanga chipsi, ile harufu dada usiombe, nachukua zege, yaani chipsi mayai, na soda ya baridi naenda nayo nyumbani. Jumamosi asubuhi napanda mzani nakuta kilo 1 na nusu imerudi, yaani napandwa na hasira, najiambia si nimeshaharibu, basi wikiendi nzima nakula chochote kinachopita mbele yangu, Jumatatu naanza upya. Mwezi wa nne huu nimepungua kilo 2 tu. Mashosti wa ofisini wanasema bila kuacha chipsi moja kwa moja sipungui ng'o. Ni kweli? Maana nikifikiria maisha bila chipsi naona bora nibaki bonge tu. — Bonge wa Tabata*

Marahaba mdogo wangu. Sio kweli, na nakwambia hivyo mimi ambaye nimekaa miaka mitatu hosteli chini ya dirisha la muuza chipsi na nikatoka pale na digrii moja na kilo 14 za ziada.

Tuanzie kwenye huo mzani, ndo unaokuua, chipsi zinafuata baadaye. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Kilo 1 na nusu ni 11,500 na ushee. Zege yako na soda yake, nitakuonyesha hesabu sasa hivi, ni kama kalori 1,200. Kwahiyo ili upate kilo 1 na nusu ya mafuta usiku mmoja ungetakiwa ule karibu zege kumi na soda kumi, tena juu ya chakula ambacho mwili ungetumia siku hiyo. Umekula kumi? Hujala. Sasa hiyo kilo na nusu ni nini? Ni maji kwa sehemu kubwa. Chipsi zina chumvi, yule kaka anainyunyizia kama anabariki, na chumvi inashika maji. Halafu siku nne umejinyima wanga, mwili umemaliza akiba yake ya kwenye misuli na ini, ukiupa viazi unajaza akiba, na kila gramu 1 ya hiyo akiba inakaa na kama gramu 3 za maji. Ongeza chakula chenyewe ambacho asubuhi bado kiko tumboni. Hivyo vyote vinashuka vyenyewe kufikia Jumatatu au Jumanne kama utakula kawaida. Lakini wewe huli kawaida, wewe unasema nimeshaharibu, unapiga pilau Jumamosi, bia mbili, Jumapili chapati tano na supu, na hayo ndo yanakula kazi yote ya Jumatatu mpaka Alhamisi. Chipsi zimesingiziwa bure.

Kwahiyo agizo la kwanza: Jumamosi asubuhi usipande mzani. Panda Ijumaa asubuhi, kabla ya kunywa kitu, mara moja kwa wiki, basi.

Sasa hesabu ya zege. Kiazi cha kuchemsha, gramu 100, kina kalori kama 87. Kiazi hichohicho kikikaangwa kikawa chipsi, gramu 100 zinafika karibu 310, maana maji yametoka mafuta yameingia. Sahani ya kibandani inaweza kuwa na gramu 200 au zaidi, weka 650 hapo. Mayai mawili ni kama 150, na mayai hayana shida yoyote, yana protini yanashibisha. Halafu angalia yule kaka anavyofanya, wewe unakuwaga bize na simu hapo. Chipsi zilishakaangwa nusu mapema, ziko kwenye kabati la kioo, anazirudisha kwenye karai zipate moto, anazitoa hata hazijachuja vizuri, anachukua kikaango anamimina mafuta mengine mapya, mara nyingi si chini ya vijiko viwili vikubwa, ndo anaweka chipsi na kumwagia mayai. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120. Viwili ni 240, na vyote unavila, maana yai linanyonya kama sponji. Jumla tumefika 1,040. Soda ya 350 ndo 150 nyingine hivi, ni kama vijiko tisa vya chai vya sukari, na haishibishi hata kidogo. Ungeweka vijiko tisa kwenye kikombe cha chai watu wangekuita kichaa. Ndo hiyo 1,200 yako.

Kumbe ndani ya hiyo 1,200 kuna kama 400 ambazo hata huzisikii mdomoni, mafuta ya kikaango na soda, ukizitoa bado umekula zege. Ijumaa ijayo nenda kwa huyohuyo kaka umwambie hivi: "Kaka, chipsi nusu, mayai mawili, kikaango kipake mafuta tu usimimine, kachumbari jaza." Atakuangalia. Atakuuliza mara mbili. Mlipe bei ileile asinune, ukishaenda mara ya tatu atakuwa anakufanyia bila kuuliza. Hiyo inakuja kama 600, ukinywa na maji. Ukitaka chipsi kavu chukua nusu na mishkaki miwili au kidali cha kuku wa kuchoma, sio wa kukaanga, ngozi mpe paka. Tomato sosi kidogo haina noma, pilipili haina noma kabisa, ila mayonizi kijiko kimoja kikubwa kinakaribia kalori 100 kwahiyo usiiangalie kama maji.

Swali lako la msingi, lazima uache au usiache. Mwaka 2010 kuna profesa wa lishe Marekani anaitwa Mark Haub, wa Kansas State University, alikaa wiki 10 akila zaidi vikeki vya dukani vya Twinkies na takataka zingine za aina hiyo, ila akahakikisha havuki kalori 1,800 kwa siku. Akashuka paundi 27, kama kilo 12. Hakuwa anawashauri watu wale keki, alikuwa anaonyesha kwamba kwa habari ya uzito peke yake hesabu ya jumla ndo inaamua. Sasa usiende kununua keki. Maana 2019 mtafiti mwingine wa hukohuko, Kevin Hall, alichukua watu 20 akawaweka ndani mwezi mzima, wiki mbili wanapewa vyakula vya viwandani, wiki mbili chakula cha kupikwa cha kawaida, kila mmoja ale mpaka aridhike. Kwenye vile vya viwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kila siku, na walikula haraka zaidi, wakaongezeka karibu kilo moja ndani ya hizo wiki mbili. Kwahiyo inawezekana kupungua na vyakula hivi, ila vyenyewe vinakuvuta uzidishe, ukivifanya ndo chakula chako cha kila siku utashindana navyo mpaka uchoke. Mara moja kwa wiki, kwa kipimo, unaviweza.

Na hapo ndo narudi kwenye Jumatatu yako. Tango na yai moja mchana, mdogo wangu, hiyo sio dayati hiyo ni adhabu. Ijumaa saa 12 jioni unashuka kwenye daladala una njaa ya siku tano, utamkataliaje yule kaka? Mtu wa uzito wako anayekaa ofisini tuseme anatumia kama kalori 2,000 kwa siku. Kula 1,500. Hiyo inaruhusu ugali wa ngumi moja na maharage na mchicha mwingi mchana, inaruhusu wali kikombe kimoja, samaki, parachichi nusu, chai isiyo na sukari na mayai asubuhi. Ijumaa kula asubuhi vizuri, mchana samaki na mboga, ukifika kituoni unayo 600 yako ya zege bado iko kwenye bajeti. Upungufu wa 500 kwa siku kwa siku saba ni 3,500, karibu nusu kilo kwa wiki. Najua ni ndogo, mashosti watacheka. Kwa miezi minne ingekuwa kama kilo 7 au 8, wewe na adhabu yako umepata 2.

Kama una sukari au presha au unanyonyesha, usifuate namba zangu, nenda kituo cha afya uonane na afisa lishe kwanza.

*Sasa. Mimi ni mtu wa bodaboda Nairobi, 27 years, sina time ya kupika wala mtu wa kunipikia. Asubuhi chai na mandazi tatu, lunch ni smokie pasua mbili juu ya pikipiki, jioni chipo na soseji, soda kama mbili kwa siku juu ya jua. Kitambi kimeanza kugusa tenki. Nikule nini hapo kwa barabara? — Mtu wa Nduthi*

Karibu ndugu yangu, na najua chipo kwenu sio mchezo, Januari 2022 KFC ya Kenya ilipoishiwa chipsi kwa sababu viazi vyao vilikuwa vinaagizwa nje, nchi nzima iliwaka.

Kwako naanza na soda. Mbili kwa siku ni kama kalori 300, kwa wiki 2,100, na wewe ukikata hizo tu ukabeba chupa ya maji kwenye nduthi hujagusa chakula bado. Jua linataka maji, halitaki sukari. Mandazi tatu fanya moja, ongeza mayai boilo mawili na kachumbari, yule jamaa wa kuuza mayai yuko kila steji. Smokie sikukatazi ila isiwe kila siku: mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa WHO waliweka nyama za kusindikwa, soseji na smokie zikiwemo, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na hatari inaongezeka kadiri unavyokula nyingi na mara nyingi. Mchana simama dakika 15, ingia kibanda chochote, agiza githeri au madondo, yaani maharage, na chapati moja, moja sio tatu, na sukuma. Itakutuliza mpaka jioni kuliko hizo smokie. Jioni chipo kula siku mbili kwa wiki, zingine ugali sukuma na mayai au omena. Na ukipata muda shuka hiyo pikipiki utembee, maana kazi yako inakuzungusha Nairobi nzima lakini miguu yako haijaenda popote.

*Dada mimi niko Mwanza, nimeambiwa nikishakula chipsi ninywe maji ya moto na limau mafuta yanayeyuka, na kuna majani ya chai ya kukata tumbo yanauzwa mtandaoni. Yanafanya kazi? — Mama Wawili*

Limau linayeyusha mafuta kwenye sahani unapoosha vyombo mama. Ukishameza, mafuta yanasagwa na nyongo na vimeng'enya vya mwili wako, yanaingia kwenye damu limau litake lisitake. Hayo majani mengi yake ni ya kuharisha, na kuharisha kunatoa maji na choo kutoka utumbo mpana wakati kalori zilishafyonzwa kwenye utumbo mwembamba zamani. Mzani utashuka kesho, keshokutwa ukinywa maji unarudi palepale, ila hela yako hairudi. Tena ukiyazoea unaweza kufika mahali choo hakitoki bila hayo majani, na watu wengi tu wameniandikia wakiwa hapo, wengine wamesubiri mwaka mzima ndo wakasema.

Limau lenyewe usilitupe, likamulie kwenye mishkaki.