Maswali yenu: nimefungua tawi, mbona kazi imeangukia main?

Wiki hii karibu kila aliyeandika ameuliza kuhusu matawi ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili ya mradi, nami nimechagua maswali sita. Tawi ni njia ya kazi ya pembeni yenye jina lake, na main ndilo tawi kuu. Kila hatua ya kazi unayoihifadhi ndani ya Git nitaiita komiti, na si ile komiti ya harusi inayotuchangisha kila Jumapili hapa Kampala. Amri nimeziacha kama zinavyoandikwa kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri.

Fundi, habari za kazi? Niliandika `git branch malipo`, nikafanya kazi siku nzima, nikakomiti mara tatu. Sasa naona komiti zote ziko main, na tawi la malipo halina kitu. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Wandegeya)

Njema, mdogo wangu. Amri hiyo imefanya ulichoiambia, basi. `git branch malipo` inafungua tawi lakini haikupeleki huko. Umelipia chumba kipya Wandegeya, halafu jioni ukarudi kulala kwa shangazi. Ungeandika `git branch` bila jina lolote ungeona orodha ya matawi, na kinyota bado kiko mbele ya main. Zoea kukitazama hicho kinyota kabla ya kugusa faili.

Siku nyingine andika `git switch -c malipo`, inayofungua tawi na kukuhamishia humo kwa mkupuo mmoja. `switch` ilikuja na toleo 2.23, Agosti 2019. Ukikuta kompyuta ya maabara ina toleo la zamani zaidi, `git checkout -b malipo` inafanya kazi ileile.

Kuhusu hizo komiti tatu, usizifanye upya. Kama bado hujasukuma (hujatuma) kitu kwenye seva, ile kompyuta yenye nakala ya pamoja ya mradi ambayo Git huiita `origin`, anza na `git status` uhakikishe hakuna kazi inayoning'inia bila kukomitiwa, kisha:

```
git switch malipo
git merge main
git branch -f main origin/main
```

Mstari wa kwanza unakuhamisha. Wa pili unaipa malipo zile komiti tatu. Wa tatu unairudisha main pale ilipo kwenye seva. Soma jina la tawi mara mbili kabla ya kubonyeza, maana `-f` haiulizi swali.

Mradi wetu una picha nyingi, folda nzima inakaribia GB 2. Nikifungua matawi matano, si itakuwa GB 10? Na data nitatumia kiasi gani? Bando ni ghali, unajua mwenyewe. (Msomaji, Busia)

Najua sana. Habari njema ni kwamba tawi halinakili kitu na halitumii data hata kidogo.

Usiniamini mimi, fungua mwenyewe. Ingia kwenye folda ya mradi na uandike `cat .git/refs/heads/malipo`. Utaona mstari mmoja wa herufi na tarakimu 40, kitu kama `3f9c2ab…`. Hilo ndilo tawi zima: baiti 41 ukihesabu na alama ya mwisho wa mstari. (Usipolikuta faili hilo usishtuke, Git ikifanya usafi huyakusanya matawi kwenye faili moja linaloitwa `packed-refs`.)

Wewe ni mtu wa Busia, basi fikiria magunia ya maharage stoo. Kila gunia limefungwa kamba kwa lile lililolitangulia. Magunia ndiyo komiti. Tawi ni kipande cha karatasi chenye jina, kilichobandikwa kwenye gunia la mwisho. Likiletwa gunia jipya, karatasi inabanduliwa na kubandikwa juu yake. Karatasi tano juu ya gunia moja haziongezi hata kilo ya maharage.

Kinachoweza kukuchelewesha ni kuhama, yaani `git switch`, kama picha za tawi moja si zile za tawi lingine, kwa sababu Git itabidi iyaandike upya mafaili yanayotofautiana. Hapo diski inafanya kazi, bando halijaguswa. Data inatumika unaposukuma komiti kwenda seva au kuzivuta toka huko tu, na hata hapo zinasafiri komiti ambazo upande wa pili hauna.

Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi tarehe 18. Siku zile nilifungua matawi, nikakomiti, nikaunganisha, nikafuta, kana kwamba hakuna kilichotokea. Wenzangu waliokuwa bado kwenye Subversion, mfumo mwingine wa kutunza mabadiliko unaotegemea seva, waliweza kuandika, lakini kukomiti kunataka seva na tawi linakaa kwenye seva, kwa hiyo walisubiri.

`git branch kazi mpya` inakataa. `git branch malipo/simu` nayo inakataa, lakini `git branch ripoti/simu` inakubali! Git ina ubaguzi? (Gulu)

Haina. Jina la tawi halipokei nafasi. Ukiandika `kazi mpya`, Git inaelewa "fungua tawi *kazi* kuanzia mahali panapoitwa *mpya*", na mahali hapo hapapo. Tumia kistari: `kazi-mpya`.

Hilo la pili linatokana na yale mafaili niliyomwambia mwenzako wa Busia. Tayari una tawi linaloitwa `malipo`, yaani faili. `malipo/simu` linataka `malipo` iwe folda, na kitu kimoja hakiwezi kuwa faili na folda kwa wakati mmoja. Badili jina la lile la zamani, `git branch -m malipo malipo-zamani`, na njia itafunguka.

Kaka, nisaidie, sijalala. Nimefuta tawi kwa `git branch -D` nikidhani ni lingine. Wiki mbili za kazi! (Dada yenu, Mbarara)

Pole dada, na upate usingizi leo. Ulichokifuta ni karatasi. Magunia bado yako stoo.

Kama dirisha la terminali bado liko wazi, panda juu utazame Git ilikuambia nini ilipofuta. Iliandika `Deleted branch` pamoja na jina, halafu kwenye mabano `was` na herufi saba au zaidi. Hizo ndizo namba za gunia la mwisho. Andika `git branch ripoti 3f9c2ab`, ukiweka jina lako na namba zako, na tawi limerudi lote.

Kama ulishalifunga, `git reflog`. Hicho ni kijitabu cha mtunza stoo, kinachoorodhesha kila mahali ulipopita. Tafuta mstari wenye ujumbe wa komiti yako ya mwisho na uchukue namba zilizo mwanzoni. Lakini usingoje msimu upite. Kwa kawaida rekodi ya komiti zisizo na tawi lolote hudumu siku 30, kisha usafi unaweza kuzifagia.

Usifute folda na kuvuta upya toka seva, kama jamaa mmoja atakavyokushauri. Kijitabu kinakaa kwenye kompyuta yako tu; ukifuta folda umechoma stoo. Na kazi ambayo hukuikomiti haimo humo, hiyo siwezi kukurudishia.

Baada ya hapo, futa kwa `-d` ndogo. Hiyo hukataa kama tawi lina kazi ambayo bado haijaunganishwa.

Bosi anataka dosari irekebishwe kwenye toleo ambalo mteja tayari analo, si kwenye main ya leo. Nikiandika `git checkout v1.4` napata onyo refu sana. (Entebbe)

Onyo hilo linasema umesimama juu ya komiti bila tawi. Kuangalia unaweza; ukikomiti hapo, gunia halitakuwa na karatasi. Andika `git switch -c rekebisho-1.4 v1.4`. Neno la mwisho ndipo tawi linapoanzia, na linaweza kuwa lebo ya toleo, tawi lingine, au namba ya komiti. Mara ya kwanza kulisukuma: `git push -u origin rekebisho-1.4`.

Tuko wanne, na kila mmoja ana tawi lenye jina lake. Kila mwisho wa mwezi tunaunganisha, na kila mwisho wa mwezi tunagombana. Tufanyeje? (Jinja)

Hayo nimeyaishi. Kampuni moja niliyofanyia kazi ilikuwa na utaratibu huohuo, na nakumbuka Ijumaa moja tulikaa hadi saa tatu usiku juu ya faili moja la malipo ambalo watu watatu walikuwa wamelibadilisha, kila mtu kwa wiki tatu, bila kutazamana. Umeme ukakatika katikati.

Tawi liwe la kazi, lisiwe la mtu. `risiti-za-simu` likae siku mbili au tatu, liunganishwe, lifutwe. Kila asubuhi, ukiwa ndani ya tawi lako, andika `git fetch` kisha `git merge origin/main`, mgongano (watu wawili kugusa mistari ileile) uje ukiwa wa mistari mitano. Najua wapo wanaopendelea `rebase` hapo, inayoziandika upya komiti zako juu ya main ya sasa. Kwa timu ambayo bado inagombana, ningeiacha kwanza.

Mkianza Jumatatu, `git branch --merged main` itawaonyesha matawi ambayo tayari yamo ndani ya main. Yale yenye majina yenu yakiwemo, yafuteni kwa `-d`. Main yenyewe nayo itatokea kwenye orodha hiyo, hiyo iacheni.