Dar hadi Tunduma kwa gari dogo: njia nne, vibao na foleni ya malori

Mkuu uliyefungua uzi, umesema Desemba unawapeleka wazazi na watoto Sumbawanga kwa gari dogo, hujawahi kupita TANZAM, yaani barabara kuu ya Dar kwenda Zambia, na unataka kujua foleni iko wapi na wapi pa kuogopa. Mdau mmoja hapo juu amekujibu kwamba njia nne za Mbeya zikikamilika shida imekwisha. Naomba nikujibu kwa kirefu, maana barabara hii imenilisha miaka 17. Nimeendesha semi, lori la trela, Dar hadi Lubumbashi kule Kongo, kwenda na makontena, kurudi na shaba. Sasa niko Mbalizi, nauza spea.

Njia nne nazitaka kama kila mkazi wa huku. Kipande cha Nsalaga hadi Ifisi kinachopita Mbeya mjini, kilomita 29, ndicho kilichobanwa kuliko chote. Lori la Zambia na la Kongo linapita palepale bajaji inapogeuzia, mama anapovukia na beseni la ndizi, mwanafunzi anapogombania kosta. Uyole wanaingia na wale wa kutoka Malawi kupitia Kasumulu na Tukuyu. Kabla ujenzi haujaanza, kutoka Uyole hadi Mafiati ningeweza kukaa saa mbili bila kuvuka gia ya tatu. Ila kwa maoni yangu kilicho muhimu zaidi ni ile barabara ya mchepuo ya Uyole hadi Songwe, kama kilomita 49, ambayo ipo kwenye mipango. Ukipanua barabara katikati ya soko, lori bado liko sokoni. Mchepuo unalitoa kabisa.

Hata hivyo, kilichokaribia kuniua mimi si ufinyu wa barabara. Ni kutoambiwa kilichopo mbele.

Ilikuwa usiku, mvua inanyesha, kati ya Makambako na Igawa. Nimebeba tani karibu 30. Kulikuwa na matengenezo, na waliokuwa wakifanya kazi walikuwa wameondoka jioni na kuacha kifusi kimekaa njia nzima ya upande wangu. Alama yao ilikuwa pipa moja lenye kutu, halina rangi wala kitu cha kung'aa, limesimamishwa hatua chache tu kabla ya kifusi. Gari likienda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Tanboi, utingo wangu, ndiye aliyeliona pipa kwanza, akapiga kelele. Kusimama haiwezekani, kwa hiyo nikakata kulia, na kulia kulikuwa na basi linakuja. Dereva wa basi lile, Mungu amlinde popote alipo, alishuka na matairi mawili nje ya lami, tukapishana vioo vikigusana. Nilisimama mbele, nikazima gari, mguu wa breki ukawa unatetemeka wenyewe.

Tulirudi kwa miguu tukiwa na panga na tochi. Tukakata matawi, tukayapanga kuanzia hatua mia moja na hamsini kabla ya kifusi, halafu upande wa pili vilevile. Nakueleza haya kwa sababu ukitoka Dar hujazoea: matawi ya miti barabarani ndiyo kibao chetu. Ukiyaona yamelala kwenye lami, punguza mwendo hapohapo, usisubiri kuona gari bovu, maana pengine liko nyuma ya kona. Na ukiona matawi makavu, yamesagika, bado punguza, kwa sababu gari linaweza kuwa limeondoka likaacha mawe waliyowekea matairi. Mawe hayo yamewaua wengi wa pikipiki.

Jifunze pia indiketa za malori. Ukiwa nyuma ya lori, likiwasha ya kulia linakuambia usipite, kuna gari linakuja. Likiwasha ya kushoto linakuruhusu. Lakini usiamini moja kwa moja, maana ya kulia inaweza kuwa lori lenyewe linakata kulia, na ya kushoto inaweza kuwa linaegesha. Toa pua kidogo, ona kwa macho yako, ndipo upite.

Sasa mteremko wa Iwambi. Ukitoka Mbeya mjini, ukapita Nzovwe na Iyunga, barabara inakuzoesha. Ni mji, ni tambarare, watu wamejaa. Halafu unaanza kuteremka kwenda Mbalizi, na mteremko unavuta. Dereva mwenyeji anajua kwamba gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Mgeni aliyetoka kupambana na foleni ya mjini anafurahi kuona njia imefunguka, anaachia gari, anategemea breki. Nusu ya mlima breki zimeanza kunuka, upepo wa breki umepungua, na chini kuna daladala zinapakia. Dukani kwangu nimesikia honi ile ndefu isiyokatika ya lori lililokosa breki mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Ukiisikia, watu wote wanakimbia kutoka barabarani kabla hata ya kuangalia inatoka wapi.

Pale panahitaji kibao kikubwa, tena kabla mteremko haujaanza, mahali ambapo lori bado linaweza kusimama pembeni. Kiandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka: simama, kagua breki, weka gia nzito, mteremko una kilomita kadhaa. Pembetatu yenye picha ya lori ni sawa, lakini haimwambii mtu urefu wa mlima wala kilichopo chini. Tazama Mikumi wanavyofanya. Ukiingia hifadhini unakuta bango limeorodhesha wanyama na faini ya kila mmoja ukimgonga, kisha yanafuata matuta na rasta, yale matuta madogo madogo yanayotetemesha gari. Sijawahi kumsikia dereva akisema hakujua yuko mbugani. Twiga ameandikiwa bei, abiria wa kosta wa Mbalizi naye anastahili bango.

Na sisi wananchi tuna la kujibu. Nimeona nguzo ya kibao cha kona imekatwa kwa msumeno usawa wa kifundo cha mguu, chuma kimepelekwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu kwa hela ya chakula cha siku moja. Aliyekata anaishi kijiji hichohicho, na watoto wake wanavuka pale. Vibao vya 50, vya mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, navyo vina shida yake: unakuta cha kuanzia kipo, cha kumalizia hakipo. Unabaki kujiuliza kama bado uko ndani ya makazi, na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo anakusubiri mbele. Ushauri wangu, usipokiona cha kumalizia, baki na 50 hadi nyumba ziishe kabisa. Dakika tano hizo hazikuchelewishi popote.

Foleni ya Tunduma ni jambo jingine, wala njia nne za Mbeya haziigusi. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa 2019 na kikasaidia sana, lakini mfumo ukisumbua upande wowote, au Kasumbalesa kule mpakani mwa Kongo pakikwama, malori yanarudi nyuma kama maji kwenye bomba lililoziba. Mimi nimelala siku nne njiani karibu na Mpemba, kabla ya kufika Tunduma, tukipika chini ya trela. Kinachowaumiza ninyi ni kwamba barabara ya Sumbawanga inaanzia palepale Tunduma mjini, kwa hiyo asiye na mzigo wala haja ya kuvuka mpaka anakwama kwenye foleni ya forodha. Malori yangepewa maegesho ya kutosha huko nyuma, na kibao Mpemba kikawaambia kwa siku ile wasimame wapi, magari madogo na mabasi yangepita bila shida.

Kwako mkuu: usijaribu kufika siku moja. Lala Iringa au Makambako, uipite Mbeya asubuhi siku ya pili, na Iwambi uishuke kwa gia ya pili hata watu wakikupigia honi. Ukifika Vwawa simama, uliza bodaboda au madereva wa Noah foleni imeishia wapi, wao wanajua kuliko simu yako. Ukiikuta, usifuate magari yanayochomekea upande wa kulia, kwa sababu yanakutana uso kwa uso na yanayotoka mpakani na hapo ndipo barabara nzima inafunga. Kama wameniambia imefika Mpemba, mimi hulala Vwawa na kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ni kama kilomita 220 za lami, malori ni machache, utawafikisha wazee mchana wakiwa hawajachoka.

Ukipita Mbalizi ukasikia gari linalia breki, uliza duka la spea, tutaliangalia kabla hujaendelea.