Kahawa ya babu, ndizi za mama

*Shangazi, kitinda mimba wetu amerithi kihamba cha baba, shamba letu la ukoo, kule Marangu na sasa analaza watalii. Krismasi nilimsikia akiwaambia kwamba babu yetu ndiye aliyeleta kahawa Kilimanjaro. Wageni wanapiga picha, mama yuko pale pale anamenya ndizi za mtori, kimya. Niliondoka bila kumuaga mdogo wangu. Mume wangu anasema ni wivu. Nimwumbue au ninyamaze? Dada Mkubwa, Dodoma.*

Mwanangu, wivu kidogo unao, usimbishie mumeo. Nyumba ya baba kwenda kwa kitinda mimba ni mila mliyoikuta, lakini kuikuta hakuzuii moyo kuuma.

Kuhusu babu, huo ni uongo, tena uongo wa kivivu. Kahawa ilipandwa na wamisionari pale Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na Kilema si mbali na kwenu. Ipo siku atalala hapo mgeni aliyesoma, na mdogo wako ataumbuka bila msaada wako.

Ila kilichokukera zaidi si babu. Barua yako ilikuwa ndefu, nimeifupisha, na nusu yake inamhusu mama. Unakumbuka bei ya kahawa ilivyoporomoka baada ya makubaliano ya dunia ya kahawa kuvunjika mwaka 1989, baba akaacha mibuni iote magugu, na mama akawa anatoka alfajiri na mkungu kichwani kwenda sokoni. Fedha ya kahawa ilikuwa ya wanaume, ilipitia chama cha ushirika, KNCU, kilichoanza 1933, ikaandikwa vitabuni. Fedha ya ndizi ilifungwa kwenye pindo la khanga. Ada yako ilitoka kwenye pindo hilo. Sasa mwanaye anasimulia historia ya shamba hilohilo, na yeye hayumo!

Nenda nyumbani kabla ya Desemba. Desemba kihamba kinajaa watu na pombe ya mbege, hakuna wa kumsikiliza mwenzake. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyeondoka bila kuaga, chuma jani la isale, lile la Wachaga la kuombea msamaha, umpelekee mdogo wako. Ndiyo, wewe. Akishalipokea, mwombe jambo moja tu: jioni, wageni wakishakula, mama asimulie mwenyewe. Kwa Kichaga, kwa Kiswahili, vyovyote atakavyo. Aseme mfongo, mfereji ule wa maji unaopita nyuma ya jiko, ulichimbwa na nani na zamu ya maji ilikuwa lini, migomba ipi ni ya mtori na ipi ya mbege, na mwaka ule wa mibuni kuachwa mlikula nini. Mdogo wako awe mkalimani. Na mama alipwe kwa kila jioni, fedha mkononi, isipitie kwa mtu.

Wewe kaa jikoni umenye ndizi. Halafu niandikie kama ametafsiri yote.