Maswali ya Wasomaji: Farasi Aliyestaafu Mbio, Mchanga wa Diani

SWALI: Nina biashara ndogo ya kuwapandisha watalii farasi ufukweni Diani. Nimeambiwa kuna farasi wawili waliostaafu mbio za uwanja wa Ngong, Nairobi, na picha zao zinapendeza: wananawiri, ngozi inang'aa. Nikifika bandani nitazame nini, na nianzie wapi? (Msomaji, Ukunda)

JIBU: Anzia miguuni, na hiyo ngozi iache hadi mwisho. Farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred huweza kuanza kushindana akiwa na miaka 2 tu, mifupa haijakomaa, na anayestaafu mapema mara nyingi amestaafishwa na mguu. Wewe nawe unampeleka kwenye mchanga. Mchanga mlaini unaomeza ukwato huivuta kano ya nyuma ya mguu kwa kila hatua. Kano iliyowahi kuchanika hupona kwa kovu lisilonyumbuka kama zamani, na ni rahisi kuchanika tena.

Mwombe muuzaji asimtoe farasi bandani hadi ufike. Ukimkuta tayari kavishwa tandiko na kifua kimelowa jasho, jua ameshazungushwa. Viungo vikakamavu hulainika vikipata joto, na farasi mkorofi akichoshwa huonekana mpole. Kunywa chai yako, uage, urudi siku nyingine.

Akiwa bado ametulia, hesabu pumzi ubavuni: 8 hadi 16 kwa dakika. Mapigo ya moyo, unayoyapata kwa vidole viwili kwenye mshipa unaopita chini ya taya, yawe 28 hadi 44. Tazama na mbao za mlango. Zikiwa zimetafunwa, na meno yake ya mbele yamelika ukingoni, huyo huuma mbao na kumeza hewa, na tabia hiyo ni shida kuiondoa. Zungumza pia na saisi, pembeni ikiwezekana. Anayemsugua kila siku ndiye anayejua kama anakula vizuri, kama hupiga teke, na kama huwa anachechemea asubuhi.

Sasa miguu. Akiwa amesimama sawasawa, pitisha kidole gumba na cha shahada nyuma ya ule mfupa mrefu, kutoka chini ya goti hadi kwenye kifundo. Utazisikia kano kama kamba ngumu zilizolala pamoja, kingo zake wazi. Kisha inua mguu ili zilegee, uziminye polepole, moja moja, kwa urefu wake wote. Unatafuta joto, unene, au mahali ambapo farasi anauvuta mguu wake, na kila mguu unaulinganisha na mwenzake. Halafu rudi nyuma hatua tatu umtazame kutoka ubavuni. Mstari wa nyuma ya mguu uwe umenyooka. Ukibinuka kama upinde, kano hiyo iliwahi kuchanika, na kwa kazi ya mchangani mwache hata kwa bei ya kutupa. Kinundu kigumu cha mfupa upande wa ndani chini ya goti, kikiwa baridi na hakiumi, mara nyingi ni alama ya zamani tu. Kitumie kupunguza bei.

Kwato za mbele zilingane ukubwa. Pete kwenye ukuta wa ukwato si hoja zikiwa sambamba, ila zikitanuka kisiginoni na kubanana mbele, farasi aliwahi kupata laminaitisi, uvimbe wa ndani ya ukwato, ambao hupenda kurudi. Uvundo na uchafu mweusi kwenye ile pembetatu laini ya wayo ni kosa la banda chafu, na hutibika.

Baada ya hapo saisi amwongoze kwa kamba iliyolegea, kwenye ardhi ngumu, mita 30 kwenda na kurudi, kwa mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole. Mwendo huo ndio msema kweli, kwa sababu mguu mmoja wa mbele hutua pamoja na wa nyuma wa upande wa pili, hivyo mgonjwa hakosi kujulikana. Mguu wa mbele unaouma ukitua, kichwa huinuka. Ukitua mzima, kichwa huinama. Wanunuzi wengi husoma kinyume, wakaenda kupapasa mguu usio na kosa. Kwa miguu ya nyuma tazama nyonga: upande mgonjwa hupanda na kushuka zaidi ya mwenzake.

Akipandwa na kwenda shoti, sikiliza anapovuta pumzi. Mkoromo maana yake koo halifunguki vizuri. Kwa mbio ni kasoro kubwa, kwa matembezi ya ufukweni si kitu.

Mwisho, chukua utepe wa fundi cherehani. Zidisha mzunguko wa kifua kwa wenyewe, kisha kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, ugawe kwa 11,880. Kifua sentimita 180 na urefu 165 vinakupa kilo 450. Mzigo usizidi takriban asilimia 20, yaani kilo 90, na tandiko la kilo 10 limo humo. Mtalii wa kilo 95 huyo si wake.

SWALI: Muuzaji anasema farasi ana miaka 8. Meno yanasema kweli? (Msomaji, Gilgil)

JIBU: Hadi hapo, karibu kweli. Meno ya mbele ya ukubwani hukamilika kwenye miaka 5. Vishimo vyeusi vya meno ya chini hufutika kwa zamu: ya katikati kwenye miaka 6, yanayofuata 7, ya pembeni 8. Kwenye miaka 10 hivi mfereji mdogo huchomoza kwenye fizi, katika jino la pembeni la juu. Kwenye 15 umefika nusu ya jino, kwenye 20 limejaa. Mtafuna mbao na mla mchangani huonekana mzee kuliko umri. Farasi wa mbio ana vyeti, basi vidai hivyo kwanza.

SWALI: Daktari wangu anataka kuchukua damu, muuzaji hataki. Kisa nini? (Msomaji, Ukunda)

JIBU: Fenilibutazoni, dawa ya maumivu. Farasi anayechechemea huweza kutembea sawa siku ya mauzo, na sampuli ya damu ndiyo ushahidi wako baadaye. Asiyetaka damu itolewe, mwachie farasi wake.

Na kwa vile unamshusha Pwani, ulizia rekodi ya chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi kuanzia magharibi hadi alfajiri, na mweleze daktari kwamba unaishi chini ya Shimba Hills, penye mbung'o. Usimlishe chini mchangani, mwekee kihori. Kila wiki vuruga vidonge sita vya kinyesi kwenye ndoo ya maji, uache dakika 15, umwage taratibu. Mchanga ukibaki chini, umo tumboni pia.