Aliyekaa Mbele ya Ubao

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo. Umeniuliza maana ya usemi wa Kichina aliokuambia msimamizi wako wa utafiti alipoona unaipigania hoja yako kwa hasira: dangjuzhe mi, pangguanzhe qing. Unataka kujua kama Wachina wanamtaka msomi akae mbali na mambo.

Neno la kushika hapo ni ju. Ni mchezo ulioko ubaoni, na ubao unaofikiriwa ni wa weiqi, mchezo wa Kichina wa watu wawili, wenye mistari 19 kwa 19 na kete nyeusi na nyeupe. Usemi wenyewe wasema: aliyeukabili ubao huchanganyikiwa. Anayetazama pembeni huona wazi. Wewe umekulia jirani na baraza ya bao, unawajua wale wanaochungulia begani wakaona kete ya kucheza kabla ya mwenyewe. Hawana cha kupoteza, ndiyo maana macho yao yametulia.

Asili yake ndiyo inayonigusa. Zama za Tang, ukoo wa wafalme wa Uchina ya kale, Mfalme Xuanzong alimwagiza mwanachuoni Yuan Xingchong afafanue Liji, kitabu cha kale cha taratibu na ibada, kama kilivyopangwa upya na Wei Zheng, waziri wa zamani wa ukoo huo. Yuan na wenzake wakatoa juzuu 50. Waziri Zhang Yue akapinga, kwamba mpangilio wa zamani umekwisha kuzoeleka. Mfalme akamtunza Yuan vitambaa, lakini kazi ikabaki ndani ya kasri, haikufundishwa popote. Mzee alikuwa amepita miaka 70. Ilimuuma, akaandika utetezi kwa mtindo wa mgeni na mwenyeji wanaojadiliana, na humo ndimo usemi huu ulimo, kwa maneno yanayotofautiana kidogo na haya ya leo.

Kwa hiyo mwanangu, aliyeyaandika hakuwa mtazamaji hata kidogo. Alikuwa mbele ya ubao, kete zake zimeliwa. Wala hakuondoka. Alichofanya ni kumbuni mgeni wa kumuuliza maswali ambayo mtu hajiulizi mwenyewe akiwa na uchungu. Mimi nauelewa usemi hivyo, na sidhani msimamizi wako alikuwa anakufukuza kwenye hoja yako.

Nitumie ile sura ya tatu. Kijiji ulikofanyia utafiti sijawahi kufika na watu wake siwajui, basi nitaisoma kwa macho ya mgeni, nikuandikie maswali pembeni.

Mama yako