Kwa shina au kwa kutwa?

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza vibarua wako wa Hombolo uwalipe kwa shina au kwa kutwa msimu huu wa kupogoa mizabibu. Unasema kwa shina kazi inakwenda mbio. Inakwenda mbio kweli, na hapo ndipo mimi nilipoumia.

Msimu wangu wa kwanza Mpunguzi nililipa kwa shina. Ekari ikaisha upesi, nikafurahi. Macho ya mizabibu yalipoanza kuchipua nikapita mstari kwa mstari: vikonyo vimechanwa na mkasi butu, matawi makavu bado yananing'inia kwenye waya, na mashina mengine yamekatwa mpaka hayana jicho hata moja la kuzaa. Sikuwalaumu hata kidogo. Mimi ndiye niliyewaambia, kwa fedha yangu, kwamba ninachotaka ni idadi ya mashina.

Baadaye nilisoma kwamba wachumi Bengt Holmström na Paul Milgrom waliliandika jambo hili mwaka 1991: kazi ikiwa na upande unaohesabika na upande usiohesabika, ukilipia ule unaohesabika tu, nguvu za mtu zinahamia huko. Holmström alipata Nobel ya uchumi mwaka 2016 pamoja na Oliver Hart, kwa kazi yao juu ya mikataba.

Kuvuna lipa kwa kreti, maana unainua vichala vya juu papo hapo ukaona kama vya chini vimepondeka. Kupogoa lipa kwa kutwa, kisha ahidi nyongeza kwa kila mstari uliochipua vizuri. Mpitie pamoja mkihesabu.

Ila nyongeza hiyo usiifunge kwenye mavuno, nakusihi. Mvua ikinyesha zabibu zimeiva, zinapasuka na kuoza. Bei nayo inaweza kushuka. Mkasi wa kibarua haukuhusika na lolote kati ya hayo, na nyumbani kwake wanasubiri unga leo.

Wale wawili wa kudumu waandikie mkataba. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa za kawaida 45 kwa wiki. Zikizidi, ni malipo ya ziada.

Jumamosi nakuja na jiwe la kunolea. Usianze kupogoa kabla sijafika.

Mama yako