“Baba?” ya Mtoto: Ni Kiimbo, Si Toni

Msomaji mmoja anaeleza kuwa mwanawe wa miezi 18 hulitamka neno “baba” kwa namna mbili: sauti hushuka anapomwona baba yake akiingia, na hupanda anaposikia hodi mlangoni. Anauliza: je, hiyo ni shadda (mkazo wa silabi), kiimbo au toni?

Ni kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti katika usemi, neno lililotokana na kuimba. Ningeweza kuishia hapo, lakini matumizi ya “toni” yamenichosha, kwa kuwa siku hizi kila badiliko la sauti huitwa toni, hata katika maandishi ya watu ninaowaheshimu. Toni hubadilisha maana ya neno lenyewe, kama ilivyo katika Kichina, ambako “ma” yaweza kuwa mama au farasi kutegemea sauti inavyokwenda. Lugha nyingi za Kibantu zina toni. Kiswahili sanifu hakina. Anayemwambia mzazi huyu kwamba mwanawe anatumia toni anampotosha.

Hebu tumsikilize mtoto mwenyewe. Hodi ikipigwa, huacha anachochezea, hugeukia mlango, kisha husema “baba?” sauti ikiinuka. Baba ni yuleyule na neno ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba sasa anauliza. Hajaijua “je”, wala hawezi kutunga “Ni baba huyo?”, lakini swali lake limetimia, kwani hata sisi watu wazima hutenganisha “Amekula” na “Amekula?” kwa kiimbo tu. Ndiyo maana hunikera kusikia kwamba mtoto wa umri huo “hajaanza kusema”. Anasema, tena muziki wa lugha aliuanza mapema mno: utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa vilio vya vichanga wa siku chache nchini Ufaransa huelekea kupanda, na vya wenzao wa Ujerumani kushuka, kama zinavyofanya lugha za mama zao.

Shadda nayo haikuhama. Katika namna zote mbili imebaki kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mahali pake pa kawaida katika Kiswahili. Tofauti ya barabára ipitwayo na magari na barábara yenye maana ya sawasawa ataikuta baadaye.

Basi mzazi aandike “kiimbo”, na mtoto akiuliza “baba?”, amjibu kama mtu aliyeulizwa swali kamili: “La, si baba, ni shangazi.”